Maneno Yaliyopanda Gari

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa mashua zilizokuwa zikivuka kati ya Tanga na Pemba, na hakuwahi kushika gia maisha yake yote. Lakini siku mjomba alipompakia kiti cha mbele cha Peugeot yake, mzee hakuhitaji kufundishwa majina. Usukani aliujua. Abiria, nauli, shehena, vyote alivijua. Breki ya mkono akaiita nanga, na mimi niliyebanwa nyuma na magunia ya nazi nikaambiwa nitulie huko tezini, yaani nyuma ya chombo. Mjomba alicheka mpaka akapoteza mwelekeo. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilidhani hayo ndiyo majina yenyewe.

Nimeishi kwa kazi ya ufundi magari, Tanga kwanza kisha Dar es Salaam, na kadiri nilivyozeeka ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mzee hakukosea sana. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla gari la kwanza halijaonekana Pwani. Ni Kiarabu, sukkan, ule ubao wa nyuma unaokiongoza chombo majini. Nauli ilikuwa malipo ya safari ya baharini. Waarabu waliipata kwa Wayunani waliosema naulon. Kwa hiyo konda wa Mbagala anayechezesha sarafu mkononi na kukuuliza nauli yako iko wapi, anatumia neno ambalo baharia wa Kiyunani wa kale angelishika bila mkalimani. Hata trafiki akikusimamisha anazungumzia "chombo cha moto", na chombo ndilo jina ambalo babu aliliitia mashua yake.

Maneno hayo ya bahari yana tabia ya kuhama. Rubani alikuwa mtu wa kuiongoza meli kuingia bandarini. Leo yuko angani na mabegi yake ya magurudumu. Nahodha, ambaye kwa Kiajemi ni bwana wa chombo, amehamia uwanjani na kufungwa kitambaa mkononi. Baharia ndiye aliyeharibiwa jina kuliko wote: vijana wa mjini siku hizi wakisema "sisi mabaharia" hawana habari na maji ya chumvi, wanasema habari za wanawake na ujanja wa kujificha.

Sasa fungua boneti. Hapo bahari inakwisha. Hakuna kitu hata kimoja ndani ya injini ambacho babu angekipa jina, na hapo ndipo wanaingia watu wengine kabisa.

Nilianza kujifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye karakana ya Kalasinga mmoja karibu na Ngamiani. Kalasinga ni jina tunalowaita Masingasinga wote, lakini asili yake ni mtu mmoja, Kala Singh, mfanyabiashara aliyevuma Nairobi mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina lake likawavaa wenzake wote, wapende wasipende. Karakana nayo ni Kiajemi kilichopitia India, kar-khana, nyumba ya kazi. Gari ni Kihindi. Ukilitaka kwa Kiingereza kilichonyooshwa na mdomo wetu, wazee walikuwa nayo motokaa, ila siku hizi ukisema motokaa watu wanatazama huku na huku kumtafuta babu yako.

Ndani ya sanduku la vyombo vya kazi kulikuwa na historia ya Pwani nzima, na hakuna aliyeniambia. Parafujo ni ya Wareno, parafuso. Bomba ni yao pia. Spana na jeki ni Waingereza. Fundi ni wetu wenyewe, na ni ndugu wa damu na mwanafunzi: mmoja kafunda, mwingine anafundwa. Mzee Kalasinga hakuwa na muda wa mambo haya. Aliponiita aliita "toto", akataja namba ya spana, na nikileta nyingine alinyoosha mkono vilevile bila kusema neno, mpaka nirudi na ile inayotakiwa.

Majina ya injini tuliyapokea kutoka kinywani mwake, si kutoka kwenye kitabu. Yeye aliyapata kwa Waingereza, akayapitisha kwenye Kipunjabi chake, kisha sisi tukayapitisha kwenye Kiswahili cha Tanga. Ndiyo maana tuna rejeta, difu, shokapu, stata, plagi, klachi. Alikuja mteja mmoja, mwalimu wa sekondari, akasema kwa Kiingereza safi kabisa kwamba radieta yake inavuja. Tulitazamana. Msaidizi mwenzangu akaenda kumwangalia redio. Mpaka mzee mwenyewe alipotoka chini ya lori na kusema "rejeta!", ndipo kazi ikaanza.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967 na siwezi kulibeza, limetupa maneno mengi tunayoyatumia bila kujua. Lakini gereji haingoji kikao. Kitu kikiletwa saa mbili asubuhi kimeharibika, kufika saa nne lazima kiwe na jina, la sivyo huwezi kumtuma mtu dukani. Jina likikubalika na muuza spea, basi limepita.

Hata karatasi za gari zina mambo yake. Bima imetoka India, na nyuma yake kuna neno la Kiajemi, bim, maana yake hofu. Sijaona neno lililotajwa kwa haki kama hilo. Unalipia hofu, unapewa stika ya kubandika kiooni.

Kuna neno moja la Tanga ambalo lilinipa somo kubwa kuliko yote, nalo ni manamba. Kwetu manamba alikuwa mtu wa mkonge. Watu walichukuliwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Burundi, wakaletwa mashambani kwa mkataba, kila mmoja na namba yake. Namba ndiyo iliyoitwa asubuhi, namba ndiyo iliyolipwa. Nilipokuwa mtoto, kumwita mtu manamba lilikuwa tusi la kutafutia ugomvi. Wajukuu wao tulisoma nao na hawakupenda kulisikia. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983 nilikuwa miongoni mwa waliovuka mapema Horohoro kwenda Mombasa kutafuta spea. Nikafika stendi, kijana mmoja anaruka mlangoni mwa matatu, kofia upande, anajigonga kifua: "Mimi ndiye manamba hapa!" Nilimtazama kwa huruma. Yeye akanitazama kwa huruma zaidi, maana nilikuwa nimebeba begi la shati moja na sijui gari la Likoni ni lipi.

Kwao manamba ni yule anayeita abiria na kujaza gari. Kumbe neno lililokuwa pingu upande mmoja wa mpaka lilikuwa cheo upande wa pili. Tangu siku hiyo, mtu akinitamkia neno ninalolijua, nangoja kwanza nione yeye analishika vipi.

Huyohuyo manamba, tukielekea Likoni, ndiye aliyenieleza asili ya jina la matatu: nauli ya zamani ilikuwa mapeni matatu, yaani senti 30, peni moja ikiwa senti 10. Nikamwambia kwetu mambo ni yaleyale. Mwaka huo huo wa 1983 serikali ilikuwa imeruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kwa sababu mabasi ya UDA, shirika la usafiri la mji, yalikuwa yameelemewa. Makonda walikuwa wakipiga kelele "dala! dala!", na dala lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5, ile yenye pembe. Leo nauli haina uhusiano wowote na shilingi tano, sarafu yenyewe wajukuu wangu hawajaishika, lakini daladala ipo. Nchi mbili jirani, zilizokuwa hazisemezani, zikayabatiza magari yao kwa jina la nauli bila kuulizana. Mimi hilo hunifurahisha kuliko hotuba nyingi za ujirani mwema nilizozisikia.

Nilihamia Dar katika miaka hiyohiyo, na mji ulikuwa na vipaji vya kuita. Basi refu la Ikarus kutoka Hungaria, lile lenye kiungo cha kukunjika katikati, liliitwa kumbakumba, kwa sababu likisimama kituoni linakumba wote. Yalikuwepo magari ya mabenchi, abiria wanakaa wakitazamana magoti kwa magoti, yakaitwa chai maharage, kwa kuwa mlikaa kama mko kwa mama ntilie mnangoja vikombe. Kampuni ya Mabasi ya Taifa ilijifupisha KAMATA, jina ambalo halikuhitaji msaada wa mtani yeyote. Moshi na Arusha walikuwa na vifodi, wana wa Ford. Hakuna hata moja kati ya majina hayo lililotoka ofisini, isipokuwa KAMATA, na hilo nalo naamini aliyelitunga alikuwa akicheka.

Neno ninaloliheshimu kupita yote katika barabara zetu, hata hivyo, ni foleni. Liliingia na jeshi la kikoloni. Ofisa wa Kiingereza akipaza sauti, "fall in!", askari wanajipanga mstari. Wale askari walipotoka jeshini walitoka nalo. Mimi nililikuta likiwa la dukani. Baada ya vita vya Uganda, kuanzia 1979 kwenda mbele, tulipanga foleni ya sukari, ya unga, ya sabuni, ya khanga. Uliamka alfajiri ukaweka jiwe lako kwenye mstari, ukaenda kazini, ukamwachia mtoto alilinde lisisogezwe. Mawe yalikuwa na wenyewe, na watu waligombana kwa ajili ya jiwe kuliko walivyogombana kwa shamba.

Petroli nayo ilikuwa na foleni yake, na hiyo ndiyo iliyotuhusu mafundi. Gari lilisukumwa kituoni ili kusiunguzwe hata tone. Kulikuwa na amri pia: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la binafsi lisionekane barabarani. Harusi zilifungwa mbiombio. Mtu aliyekwenda shamba alitazama saa kuliko alivyotazama mihogo. Na Dar es Salaam ya Jumapili jioni, nani ataamini nikimwambia, ilikuwa tulivu. Watoto walicheza chandimu katikati ya barabara ambazo leo huwezi kuzivuka bila kusoma dua. Nyakati zile gari ndilo lililokosekana. Siku hizi magari yamejaa, na neno foleni limebeba mabegi yake limehamia Ubungo na Tazara. Amri ya ofisa yule wa Kiingereza inatiiwa kila asubuhi, na hakuna anayeitoa.

Pasaka ilikuwa ya mashindano ya magari, Safari Rally. Safari yenyewe ilianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Iliwekwa wakati wa masika kusudi, na matope yalifanya kazi yake: mwaka 1963 waliomaliza walikuwa magari 7 tu kati ya 84, na mwaka 1968 wakamaliza 7 tena. Sisi watoto tulikuwa na magari ya waya, magurudumu ya ndala zilizokatika, na kila mmoja alikuwa na dereva wake. Wengi walimchagua Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi nilikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa sababu mwaka 1966 na 1967 alishinda kwa Peugeot 404, na 404 ndiyo gari ya mjomba. Nilimwambia mjomba kwamba gari lake ndilo lililoshinda. Akanijibu kwamba kama ni hivyo, zawadi iko wapi.

Pijo, ndivyo tulivyoita, ilipata heshima yake kwa matope yale. Watu waliinunua kwa sababu walisikia redioni kwamba imetoka mzimamzima. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake, na kwetu Tanga jina la Joginda likageuka neno la kawaida: "Wewe, unajifanya Joginda?" aliambiwa kila aliyekata kona kwa fujo, hata akiwa juu ya baiskeli.

Na neno safari lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, tukawaazima Wazungu, nao wamelifanya kuwa tembo na simba. Mgeni akikuambia yuko safarini anamaanisha Serengeti. Nikimwambia mimi nina safari ya Muheza kwenye msiba, haelewi nitaona wanyama gani.

Redio ilikuwa sehemu ya gereji kama ilivyokuwa jeki. Tukimaliza kutengeneza waya za gari, tulijaribu betri kwa kufungua Radio Tanzania, na kama ni wakati wa muziki tulijaribu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Tanga wakati huo ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na upande wa taarabu Black Star na Lucky Star. Ndugu wawili wa Jamhuri, Wilson na George Kinyonga, waliondoka wakapitia Arusha hadi Kenya, wakaanzisha Simba Wanyika. Kijiweni tulijadili kuondoka kwao kama watu wanavyojadili mchezaji aliyesajiliwa na wapinzani.

Januari 1979 redio ilitangaza kifo cha Mbaraka Mwinshehe, kwa ajali ya gari huko Kenya. Kazi ilisimama. Kisha, na hili lilinishangaza hata wakati ule, ubishi ukaanza. Mmoja alisema lazima ni breki. Mwingine, tairi la mbele. Wa tatu alitaka kujua ni gari gani kabla ya kusema lolote. Mtu wa nje angetuona hatuna utu. Lakini ndivyo mafundi wanavyolia: wanatafuta kilichokatika. Mzee Kalasinga, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba neno la Kiswahili, alisema tu kwamba yule kijana alikuwa akipiga gitaa vizuri, akarudi chini ya lori.

Miaka ya ruksa ilipokuja, chini ya Mzee Mwinyi, magari yaliingia na majina mapya. Mitumba kutoka Dubai na Japani, usukani kulia, redio zisizoshika stesheni zetu kwa sababu masafa yake ni ya Kijapani. Hapo ndipo likazaliwa shangingi. Awali lilikuwa neno la mwanamke wa mjini aliyekubuhu, anayejua kula fedha za watu na kupendeza. Land Cruiser kubwa za wakubwa wa serikali zilipoanza kuonekana, nyeupe, zinang'aa, zinakunywa mafuta bila huruma, mtaa haukuumiza kichwa. Kabla yake tulikuwa na Wabenzi, kabila la watu wa Mercedes-Benz ambalo lilizuka baada ya uhuru. Ukinilazimisha kuchagua, shangingi ni tungo bora zaidi. Mbenzi linakuambia mtu ana gari gani. Shangingi linakuambia nani analipa.

Siku hizi spea nazifuata Gerezani na Kariakoo, na nikiwa na kijana mpya huwa namuuliza maana ya majina hayo tukiwa kwenye foleni, maana muda upo. Gerezani anajua ni gereza. Hajui kwamba gereza lenyewe ni igreja ya Wareno, kanisa. Kariakoo ndiyo inayomshangaza. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi pale. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, barabara hazikuwepo, magari yalikuwa machache, basi risasi na chakula cha jeshi vikabebwa kichwani na watu. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Soko kubwa la vipuri vya magari katika nchi hii limekaa juu ya jina la watu waliotumiwa badala ya magari. Kijana mmoja aliposikia hayo alinyamaza, kisha akauliza kama walilipwa.

Vijana wa sasa hawachafuki mikono kama sisi. Gari likija wanachomeka mashine, inawasomea ugonjwa. "Mzee, cheki enjini imewaka," wananiambia, kama vile hicho ni kifaa kimoja chenye jina lake. Na kwa kweli kimeshakuwa. Mteja anafika na kusema "cheki enjini yangu mbovu", nami nimeacha kumsahihisha. Nilipojaribu kufanya hivyo nilijisikia yule mwalimu wa radieta.

Kinachotugombanisha kijiweni kwa sasa ni pikipiki za umeme. Pikipiki ilipata jina kwa mlio wake, piki-piki-piki, na hizi mpya zinapita kimya mpaka unashtuka. Mmoja wetu anasema haziwezi kuitwa pikipiki. Dereva wa bodaboda aliyekuja kubadilisha taa alimsikiliza, akasema yeye hana shida na jina, shida yake ni kwamba watembea kwa miguu hawamsikii akija, halafu akaondoka akisema anawahi kuweka chaji. Kuweka, vilevile tulivyozoea kuweka mafuta. Fundi mwenzangu anashikilia kwamba ni "kuchaji". Tumeshaulizana na muuza betri wa jirani, na yeye kaandika mlangoni kwake kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAJAZA MOTO.